Tundu la Mvua na Tundu la Msumari

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa nyumba yangu. Ni benchi moja refu la mbao, kreti mbili za soda zilizopinduliwa, na meza ndogo ninayowekea birika la kahawa tangu saa moja asubuhi mpaka kahawa iishe. Kwa miaka mitatu benchi hilo halikuwa na paa. Waliolikalia walikuwa wanahamahama na kivuli cha ukuta, na kila wiki waliapa kujenga banda. Jumatatu hii nilirudi kutoka kwa mama, nilikokuwa nimewapeleka watoto siku nne ili nyumba ikauke, nikakuta banda limesimama. Nguzo nne, boriti, mabati sita. Nikasimama na birika mkononi nikiyatazama. Bati la pembeni lilikuwa na mstari wa rangi ya bluu, pale brashi iliponitoroka nikipaka ubao wa ukingo wa paa mwaka juzi. Yalikuwa mabati yangu.

Wiki mbili nyuma ilinyesha mvua ya mawe kwa robo saa. Nililiokota jiwe moja mlangoni nikalitia kwenye kikombe cha kahawa likakijaza mpaka mdomoni, nikalipiga picha kabla halijayeyuka. Mabati sita juu ya chumba cha watoto yalitoboka. Nikawapigia simu watu wa bima, maana chama cha akiba kilichonikopesha wakati wa kujenga kilinilazimisha kukata bima ya nyumba, na siku hiyo nikakisamehe. Sauti ya huko ikaniambia nizibe panapovuja, na kilichoharibika nisitupe hata kipande mpaka mkadiriaji wao aje akione. Fundi akayashusha mabati akafunika turubai. Mimi nikayapanga nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Tangu siku hiyo watoto wanne wanalala chumbani kwangu, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Mkadiriaji alikuwa anakuja Jumatatu hiyo hiyo baada ya saa sita. Bila mabati, angekuta turubai na mwanamke anayesimulia.

Ningeweza kusema palepale. Lakini nimelea watoto, na nimeona kwamba ukimtajia mtoto kosa lake anakuletea sababu, ukimuuliza tu ukanyamaza anakuletea kitu chenyewe. Na muda nilikuwa nao. Nikatua birika, nikawamiminia kahawa wanaume watatu waliokuwa wamekalia benchi.

— Banda zuri, nikasema.

— Tulitaka ukirudi ukute jambo, shemeji, akasema Fundi Jicho.

Huyu ndiye aliyeyashusha mabati yangu. Ni rafiki wa mume wangu tangu wakiwa vijana, ndiyo maana ananiita shemeji. Jina la Jicho amelipata kwa sababu hapimi. Anafumba jicho moja, anatazama ubao kwa lile lingine, anakata. Mlango wa duka la jirani aliutengeneza yeye, na ukitaka kuufunga unausukuma kwa bega.

— Asanteni sana. Sasa nina swali. Yale mabati yangu ya kando ya tangi, nani ameyaona?

Kinyozi, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa habari yoyote lazima ipitie kwake, alikuwa anapuliza kahawa. Akaacha kupuliza.

— Yapi hayo?

— Sita. Yenye matundu.

— Kwani yale yana kazi tena?

— Mtu wa bima anakuja leo kuyaangalia. Asipoyaona hawanilipi, na wasiponilipa watoto wataendelea kunilalia mbavuni mpaka waoe.

Wote watatu wakanywa kahawa kwa pamoja. Fundi Jicho akatazama juu, akashusha macho haraka kama aliyechungulia jua.

Wa tatu ndiye aliyewaokoa. Tunamwita Wakili. Hajasomea sheria, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu hapo hajawahi kurudi kuwa mtu wa kawaida.

— Huo ni wizi, akasema. Wizi wa mchana kweupe.

— Wizi kabisa, akadakia Redio. Ni hawa wakusanya vyuma chakavu. Jumamosi nilimwona mmoja na mkokoteni anapita hapa anaangaza macho.

— Ukamwacha apite?

— Nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, mama. Nimwache mteja nusu upara nikakimbize mkokoteni?

— Si wakusanya vyuma, akasema Wakili. Nyinyi mnafikiria karibu sana. Jiulizeni, nani alijua mabati yako wapi? Watu wa bima. Nani alimwambia asiyatupe? Watu wa bima. Kwa nini? Ili wayakute mahali pamoja.

— Acha hizo, bwana, nikasema.

— Nakwambia. Wana lori lao maalumu. Linatangulia usiku, linazoa ushahidi. Asubuhi anakuja mkadiriaji na tai yake, anauliza, mabati yako wapi mama? Hakuna? Pole sana, saini hapa.

— Hilo lori nimelisikia, akasema Redio, ambaye dakika moja nyuma hakuwa amelisikia. Jeupe. Halina namba.

Nikamgeukia Fundi Jicho.

— Na wewe shemeji unasemaje?

— Mimi? Akajikuna shingo. Mimi nahisi upepo.

— Upepo.

— Ijumaa ulivuma sana, we hukuwepo. Bati lililotoboka ni jepesi, ujue. Upepo unapita kwenye matundu, unalinyanyua.

— Yote sita?

— Moja moja.

— Na tofali nililoyawekea juu?

Akafikiri.

— Hilo upepo uliliweka pembeni kwanza.

Nikamwongeza kahawa, maana alikuwa anatoka jasho. Ilikuwa saa nne. Nilitegemea katikati ya kikombe hicho atasema basi, shemeji, tumekosa, lete ngazi. Lakini watu wazima si kama watoto. Watoto wakikwama kwenye uongo wanalia. Hawa wakikwama wanaongeza chumba kingine na kuhamia.

Hapo alikuwa amekuja dada mmoja, kijana, amevaa buti za mpira na mkoba begani. Aliomba kahawa kwa adabu, akakaa mwisho wa benchi. Watu wanapita kijiweni kila siku, hakuna aliyemjali. Redio alikuwa ameshapata moto.

— Au yaliyeyuka, akasema.

— Nini?

— Mabati. Mvua ile haikuwa ya kawaida. Mimi niliona rangi ya yale mawe, yalikuwa na ukijani kwa mbali. Ile ni dawa. Inalila bati taratibu kama sabuni kwenye maji. Siku ya kwanza unaona matundu. Siku ya kumi unakuta bati lote ni tundu.

— Sasa hapo umesema, akasema Wakili. Na likishakuwa tundu lote, kisheria tundu ni mali ya nani? Ya mama. Kwa hiyo mama, akija huyo bwana, wewe usitikisike. Mwambie mawe yalikuwa makubwa kama papai. Yalitoboa bati, yakatoboa dari, yakatoboa friji.

— Sina friji.

— Ndiyo nasema. Lilitobolewa mpaka likaisha.

Hata mimi nikacheka. Yule dada naye akacheka kwa pua, akafungua mkoba, akatoa karatasi akaiweka gotini.

— Mawe yalikuwa makubwa kama kikombe hiki, nikasema. Hayo ndiyo nitakayosema. Papai nitamwachia Wakili.

— Unajinyima, mama. Wenzako wanadai mpaka mapazia. Hebu dada, akasema Wakili, akimgeukia mgeni, wewe hutujui, utuamulie. Mtu kaibiwa ushahidi na lori la bima. Adai kidogo au adai sana?

Dada alikuwa anaitazama karatasi yake. Jua lilikuwa limepanda juu ya ukuta, na juu ya karatasi palikuwa na vidoa vya mwanga, vya mviringo, vingi. Akaisogeza karatasi kushoto. Vidoa vingine vikaingia. Akaisogeza kulia. Kisha akainua kichwa, taratibu, akatazama paa la banda.

— Hilo lori la bima, akauliza, mmesema ni la rangi gani?

— Jeupe, akasema Redio. Halina namba.

— Ajabu. Ofisini kwetu tuna pikipiki moja tu, nyekundu. Nimekuja nayo, nimeiacha pale kwenye duka ambalo mlango haufungi. Samahani nimewahi, kazi ya kwanza iliisha mapema. Mama mwenye nyumba ni nani?

Nimewahi kuona mtu anakufa kwa aibu. Sijawahi kuona watatu kwa mpigo kwenye benchi moja.

— Ni mimi, nikasema.

Akasimama juu ya kreti ya soda, akapitisha kidole kwenye bati lenye mstari wa bluu.

— Mama, hili tundu ni la mvua au la msumari?

Nikatazama. Sikujua. Fundi Jicho, bila kupima, alikuwa ametafuta boriti kwa msumari. Alipoikosa, alitoboa tena pembeni. Alipoikosa tena, akawapa wenzake nao wajaribu. Kila bati lilikuwa na matundu mstari kwa mstari.

— Na hili?

Akahamisha kidole.

— Na haya matatu yaliyofuatana? Maana nikiandika mvua, na meneja wangu akaona ni nyundo, faili la mama linafungwa leo hii.

Wakili alikuwa anasoma kucha zake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alikuwa amezimwa. Hapo nikaona ujanja wangu wa kunyamaza umenirudia mwenyewe. Ningesema mapema, tungekuwa tumeyashusha na kumweleza ukweli kwa mpangilio. Sasa chumba cha watoto kilikuwa kinaning'inia kwenye tundu moja.

Nikatoa simu, nikamwonyesha picha ya jiwe kwenye kikombe. Akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akatazama meza yangu.

— Kikombe chenyewe kipo?

— Vyote ni saizi hiyo.

Akachukua kimoja, akamwaga tone lililobaki, akakigeuza mdomo juu na kukibandika kwenye bati kwa chini. Palipopigwa na jiwe bati limebonyea, kwa hiyo huku chini pana donge. Kikombe kikalivaa lile donge lote, tundu likabaki katikati. Akakisogeza kwenye tundu la pili. Hapo bati lilikuwa bapa, halina donge hata la dawa.

— Hili la mvua, akasema. Hili la fundi. Nani kati yenu ana mkono usiotetemeka?

Hakuna aliyekuwa nao, lakini Fundi Jicho ndiye aliyesimama. Akapewa kikombe na chaki. Alipoanza kufumba jicho moja, dada akamwambia:

— Yote mawili, kaka.

Akaanza. Penye donge alizungushia duara, pasipo na donge alitia alama ya mkwaju. Wakili alishika kreti. Redio akahesabu kwa sauti, na kwa kuwa ni Redio, watu wa mtaa walitoka majumbani kusikiliza matokeo. Ilichukua karibu saa nzima.

— Mvua, arobaini na moja, akatangaza Redio. Fundi Jicho, hamsini na tatu.

Mtaa ukashangilia. Fundi Jicho akabaki juu ya kreti, chaki puani.

— Shemeji, akasema kwa sauti ndogo, tulidhani umeyatupa. Uliposema bima, ulimi ukaniganda.

— Nilijua tangu kikombe cha kwanza.

— Ukatuacha mpaka kwenye friji?

— Friji nilitaka kuliona mwenyewe.

Dada alipiga picha kila bati, akaja akaona turubai, viunzi vya paa na vitanda vilivyosimamishwa ukutani, akaandika bila maneno mengi. Tukarudi kijiweni.

— Mama, bima yako ni ya mvua, akasema. Ya fundi hatuna. Lakini mvua imepita kwenye mabati yote sita, kwa hiyo naandika sita, pamoja na mbao mbili zilizopasuka. Barua itafika ndani ya wiki mbili.

Nilisema asante mara moja. Nilipotaka kusema ya pili nikaona heri nipange vikombe.

— Na haya? Wakili akauliza, akionyesha juu. Tuyashushe?

— Hapana. Yasiguswe mpaka barua itoke. Ni ushahidi.

Redio alishasimama. Kabla dada hajafunga mkoba, watu wa duka la jirani walikuwa wameshaambiwa kwamba bima imetoa amri banda letu lisibomolewe.

— Bado mstari mmoja, dada akasema, kalamu juu ya fomu. Jina la fundi atakayeezeka.

Wakili akatazama kucha. Mimi nikanyanyua birika kumimina nipate pa kuangalia, likatoa tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha. Dada akasubiri. Juu ya vichwa vyetu matundu tisini na manne yalikuwa yanatuangalia.

Fundi Jicho akashuka kwenye kreti, akaweka kikombe mezani, akajifuta chaki.

— Shemeji, akasema. Nyumbani una futikamba ya kupimia?