Pampu Mbili za Pijo la Nazarali

Mpaka leo sijajua pampu ile ilitoka kwenye gari gani. Nimeuliza mafundi wa Lindi, nimeuliza madereva wa malori, kila mmoja ana jibu lake. Ilikaa miaka juu ya turubai la Maftaha, muuza kahawa wetu hapa njia panda ya Nangurukuru, ikilizuia lisipeperushwe na upepo wa mabasi. Hakuna aliyeitazama kama pampu mpaka siku Pijo la Nazarali lilipochemka mbele ya benchi letu. Nazarali, mwenye duka la vitambaa Kilwa Masoko, alikuwa amelifufua gari hilo la marehemu baba yake kwa ahadi moja: binti yake Mubina aende nalo Lindi kuolewa. Harusi ilikuwa kesho. Sipriani, fundi tunayemwita Spana, aliifungua pampu ya maji akaiweka benchini. Beringi imekufa, maji yanavuja kwenye shafti. Ndipo macho yake yakapanda juu ya turubai.

— Maftaha, hebu nishushie hilo dude lako.

— Turubai likiruka utalifuata wewe mpaka Somanga, alisema Maftaha, lakini akalishusha.

Sipriani alichana boksi la biskuti, akapaka grisi uso wa pampu ya Pijo, akaukandamiza juu ya boksi. Matundu ya bolti yakajichora. Akalilinganisha boksi na ile pampu ya turubai. Tundu kwa tundu.

— Mapacha hawa.

Shamte akateremsha kikombe chake. Tunamwita Hakimu, kwa kuwa huhukumu kila kitu bila kuinuka.

— Si mapacha. Hiyo ni ya lori la mbao la Rondo. Naijua kwa uzito.

— Hata hujaishika, alisema Maftaha.

— Uzito wa kitu unaonekana kwa macho. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

— Hii ikielea, na mimi nitaelea.

— Labda ni ya boti, alisema Sipriani. Kule Sudi, pwani, kuna boti ilifungwa injini ya gari.

— Boti ina bahari nzima chini yake. Inataka pampu ya maji ya nini? aliuliza Maftaha.

Hakimu akafikiri.

— Basi ni ya yale mashamba ya karanga ya Wazungu, kule Nachingwea. Walileta vifaru vya vita wakavigeuza matrekta. Hiyo ni pampu ya kifaru.

— Kwa hiyo mwanangu anakwenda kuolewa na kifaru, alisema Nazarali.

— Haba na haba hujaza kibaba, mzee wangu. Leo pampu, kesho mzinga.

Tulicheka, na Nazarali alicheka kidogo, kwa adabu. Zehrabai, mkewe, alikuwa ameshasema: Pijo lisiporudi uani kabla ya alasiri, atapiga simu Lindi waletewe gari la kukodi, jeupe, lenye kiyoyozi.

— Huenda anakutisha tu, nilimwambia.

— Zehrabai hatishi. Anataarifu.

Akatazama jua.

— Funga hiyo hiyo, Spana. Ya kifaru, ya boti, funga.

Sipriani alikuwa anatafuta bolti wakati bajaji iliposimama, akashuka Mubina. Mama yake alimtuma aje aone kwa macho yake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Hakimu. Kaa, tumeshamaliza.

Hakukaa. Alizishika zile pampu mbili, ambazo baada ya kupimwa zilikuwa zimelazwa kifudifudi, akazipindua, akaziweka bega kwa bega.

— Mbona panga zake zimepinda kinyume?

Tuliinama sote. Zile panga za ndani, zinazosukuma maji, za Pijo zilielekea kulia. Za pampu ya turubai zilielekea kushoto. Tulikuwa tumepima matundu, tukasahau maji. Hata Maftaha aliacha kugonganisha vikombe.

— Sijui, alisema Sipriani. Ila tukifunga hivi, kwenye tambarare itavumilia. Vilimani inachemka.

— Basi aende rivasi, alisema Hakimu. Injini itazunguka kinyume, panga zitakuwa sawa.

— Rivasi mpaka Lindi?

— Atawatazama wanaomsindikiza. Kuna ubaya gani?

— Hakimu, kwenye rivasi injini haigeuzi mzunguko, alisema Sipriani. Ni giaboksi.

— Ah. Basi sina hukumu.

Sipriani alipima shafti mbili kwa uzi. Unene ulikuwa mmoja.

— Panga za Pijo zivuliwe, zivikwe shafti ya hii ya turubai, ambayo beringi yake ni nzima. Lakini chuma chake kikavu kama kigae, ukikivuta kikiwa baridi kinapasuka. Kinataka moto.

Moto uliokuwepo ulikuwa chini ya birika. Tukamtazama Maftaha. Birika lilikuwa limejaa.

— Kahawa ikitoka jikoni, msiniulize tena mpaka kesho, alisema, akaliinua.

Sipriani alianza na ile ya turubai, akaing'oa panga zake bila huruma. Ilipofika ya Pijo akarudi nyuma.

— Ile haikuwa na mwenyewe. Hii ikipasuka nitakuwa nimevunja harusi ya watu.

Nazarali alinyoosha mkono. Akalitazama gari la baba yake, akaurudisha mfukoni.

— Nitavuta mimi, alisema Mubina.

— Na hina yako?

— Hina ni jioni, Baba. Sasa hivi mikono bado ni yangu.

Ikaamuliwa hivyo. Maftaha alipepea makaa, Sipriani akaibana pampu kwa koleo, na hata Hakimu aliinuka. Bibi harusi alikaza bolti ya kivutio, kile kifaa cha kung'olea panga, pole pole, akipumzika, akikaza tena, mpaka chuma kikatoa mlio mdogo na panga zikatoka nzima. Akazivika shafti ya pili zikiwa bado za moto.

Nazarali akampigia mkewe kabla mkewe hajapiga.

— Zehra, lile jeupe likae huko huko Lindi.