Tundu la Msumari

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini fundi rangi alikwenda kubanana na muuguzi kwenye kiti kimoja. Mwenye dukuduku ndivyo alivyo.

"Leo tumeshusha picha zote pale jumba la sanaa," alianza, bila hata kuulizwa. "Maonyesho mapya yanaingia. Mimi naziba matundu ya misumari na kupaka rangi, wageni wakute ukuta kama haujawahi kutundikwa kitu."

"Kazi nzuri," muuguzi alisema, macho dirishani.

"Nyumbani kuna tundu moja limenishinda. Mke wangu alipoondoka aliibeba picha yake."

Muuguzi akageuka. "Fundi mzima, ushindwe na tundu? Lizibe, kaka. Ameshaondoka huyo."

"Na akirudi nayo?"

"Atapigilia msumari mwingine." Alisema kwa sauti ile anayowanyweshea wagonjwa dawa chungu.

Fundi alimtazama. "Na wewe dada, lako ulilizibaje?"

Basi likasimama. Kilikuwa kituo cha muuguzi, na mkoba alikwisha kuukumbatia tayari.

"Kuna anayeshuka hapa?" kondakta aliuliza.

"Hakuna," akajibu muuguzi.