Vidole vya Mzee Koinet

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Mkurugenzi wa kituo chetu cha utafiti, Mchungaji, wageni mliotoka Bissil, wafanyakazi wenzangu, na wewe Mzee Koinet unayestaafu leo: sopa.

Ratiba inasema nimsifu mzee kwa dakika tano. Nitamsifu, na wanaonijua wanajua sitaishia hapo.

Mwaka wa 1996 mzee huyu aliajiriwa hapa Kitengela kuosha vizimba. Tulikuwa na tumbili kutoka Asia, waliotiwa virusi vinavyoua kinga ya mwili, jamaa wa karibu wa virusi vya UKIMWI. Tumbili wetu wa hapa huzeeka navyo bila shida. Wale wageni kinga yao huporomoka, na baadhi huota saratani ya tezi. Kazi yangu ilikuwa kuigundua mapema, kwa darubini. Asubuhi moja, tumbili nambari kumi na saba akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, mzee akampapasa chini ya taya, vile anavyopima ng'ombe mwenye ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi.

"Daktari, huyu iko na kitu."

"Ni jino tu, mzee. Na hii si ng'ombe yako."

"Najua. Ng'ombe yangu ningekuwa nimeshaita daktari wa kweli."

Mlicheka hivyo hivyo siku ile. Wiki sita baadaye nilimpasua mnyama yule, na saratani ilikuwa palepale. Tangu hapo hatukuandika ripoti yoyote kabla vidole vya mzee havijapita.

Sasa nawauliza: sisi nani anatushika shingo? Tumezika wangapi kutoka vyumba vya kupanga vya mji huu, tukitangaza malaria, taifodi, "kuugua kwa muda mfupi"? Sisi wenye darubini, tunaopanda ndege kwenda kuhutubia wageni juu ya tezi za tumbili, ni wangapi tumepimwa? Msiangalie viatu. Mchungaji, hata wewe nakuuliza. Nawauliza ninyi kwa sababu nimeogopa kujiuliza.

Wiki tatu zilizopita mzee alinisalimu kama kawaida, "Takwenya," nikaitika, "Iko." Hakupita. Aliitazama shingo yangu.

"Mama Lorine, niguse hapo?"

"Mzee, mimi si tumbili."

"Tumbili hakatai."

Nikacheka, nikaondoka. Kesho yake nikanunua kitambaa hiki cha shingoni mlichokisifu sana leo. Mume wangu nilimzika mwaka 1998, na neno taifodi katika tangazo la kifo niliandika mimi, kwa mkono huu. Nimepasua tumbili thelathini na mmoja. Najua ugonjwa huu unaanzia wapi na unaishia wapi, na bado sijapimwa. Tezi iliyovimba huenda ni jino bovu tu. Huenda. Hata nambari kumi na saba nilisema ni jino.

Mzee Koinet, gari la kukupeleka nyumbani Bissil linangoja nje, na Jumatatu hutakuwa hapa. Zawadi yako iko mezani, lakini kwanza nina ombi. Kitambaa nimekifungua. Njoo, mbele ya hawa wote. Ukikuta kitu usiniambie kwa Kimaasai. Sema kwa lugha atakayoelewa Lorine, binti yangu, yule pale nyuma, ambaye nimemweleza yote asubuhi ya leo. Jumatatu nakwenda kupimwa damu. Anayeogopa kama mimi, tufuatane.

Kwa kunisikiliza mpaka hapa, asanteni sana. Mzee, ni upande wa kushoto.