Kipande cha Saba

Katika kiti cha mbele yangu ndani ya basi, fundi wa mitandao ya kompyuta alikuwa akimsimulia mama mshonaji aliyeketi naye jinsi alivyopeleka barua ya posa. Kazini kwao ujumbe hukatwa vipande, kila kipande hupita njia yake, na mpokeaji huviunganisha. Basi naye akaikata barua vipande saba, akawagawia jamaa saba. Watu kama hawa ndio tuliowakabidhi intaneti.

"Vimefika?" mama aliuliza. "Sita. Cha saba anacho shangazi, na shangazi kapitia msibani." "Kina maneno gani?" "Jina la binti."

Mama aliacha kutafuna karanga. "Nyumba hiyo ina mabinti wangapi?" "Watatu. Nasikia wameshamwandaa dada yake mkubwa." "Mwanangu, si upige simu umtaje wako?" Fundi akatikisa kichwa. "Mtumaji harudii kutuma mpaka mpokeaji aombe, mama. Ndiyo kanuni."

Basi likasimama. Pale kituoni dada mmoja aliyejipamba alikuwa akimpungia mkono. "Ndiye huyo mkubwa," fundi alinong'ona, naye akampungia.

"Sasa unampungia mkono wa nini?" mama akauliza.

"Ujumbe ukikufikia," alisema akishuka, "lazima uthibitishe umeupata."