Marehemu Sumaku Yuko Hapa

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba aliye karibu na ule mlango aufunge. Jirani zangu wa Shauri Moyo wakisikia sauti yangu watasema nimeanza tena. Asante, mama. Mwaka mzima nimekaa hapa nikiwasikiliza nyinyi. Leo ni zamu yangu.

Wengi mnanijua kama Sumaku. Nilikuwa kipa wa timu ya mtaa wetu miaka kumi na miwili, na mpira ulikuwa unakuja mikononi mwangu kana kwamba nimeuita. Najisifu? Najisifu, niacheni kidogo. Asubuhi nagonga mabati, natengeneza masanduku ya wanafunzi, jioni niko mazoezini. Jumapili tukishinda, akina mama walinisindikiza hadi nyumbani wakiimba, na mke wangu anatoka nje anawaambia, "Mwacheni basi, ana vyombo vya kuosha."

Halafu siku moja nikaangukia mlingoti wa goli, bega likatoka. Daktari akasema nisiruke tena. Sasa kipa asiyeruka ni kipa gani, ndugu zangu? Nililia kama mtoto.

Nawaambia ukweli, pombe sikufunzwa na maadui. Nilifunzwa na watu walionipenda. Nikipita soko la Burma, mtu anaacha nyama yake mezani: "Sumaku! Kuja utuambie ile penalti!" Naisimulia, chupa inaletwa. Meza ya pili inaita. Penalti ilikuwa moja, lakini kufikia jioni zimekuwa tatu, na mvua inanyesha. Haki ya Mungu, watu wale walinipenda. Nusura wanizike.

Mikono ikaanza kutetemeka. Nyundo ikawa inagonga kidole badala ya bati, kazi ikaisha. Mke wangu akarudi kwao Kakamega, na simlaumu hata kidogo. Mimi nikahama mtaa kwa aibu, nikawa nalewa mahali ambapo hakuna anayenijua. Miaka miwili sikukanyaga uwanja wetu.

Siku ya mashindano yetu ya kila mwaka nikasema niende nichungulie tu. Nikasimama nyuma ya goli, kofia nimeivuta mpaka kwenye nyusi, na kichwani sikuwa sawa. Sasa, kwetu kuna desturi. Kabla ya mechi ya kwanza, katibu anasoma majina ya wachezaji waliofariki, kisha tunakaa kimya dakika moja. Na huwa hatujuani kwa majina ya kitambulisho, ni yale ya uwanjani tu. Akasoma: "Marehemu Profesa. Marehemu Mapafu. Marehemu Sumaku."

Nikavua kofia. Msicheke! Nikainamisha kichwa, nikamhurumia sana huyo Sumaku. Dakika ilikuwa imefika nusu ndipo nikashtuka: kumbe ni mimi!

Baadaye niliambiwa mtu aliniona nimelala mtaroni, akaenda kusema, "Sumaku amekwisha." Yeye alimaanisha pombe. Wao wakasikia kifo. Nikiwaza sana, sioni kama walikosea.

Katika ule ukimya nikasikia mtu analia. Alikuwa ni yule mama aliyetufulia jezi miaka yote. "Mwanangu," anasema, "mwanangu, na hata sikumzika." Hapo nikashindwa. Nikakatiza uwanja, watu wote wamesimama kimya, nikamfikia. "Mama, usilie. Niko."

Wueh! Alinizaba kofi likasikika mpaka barabarani. Kisha akanishika bega, tena lile bovu, akasema, "Kesho asubuhi uje kwangu. Usipokuja, nitamwamini katibu."

Nilienda. Akanipa kikombe cha chai kimejaa pomoni, nusu ikamwagika kwenye suruali. Akanipa ndoo ya jezi nikamue. Ikawa hivyo kila asubuhi, chai kisha ndoo, na wiki ya pili akanishika mkono wa shati, akanileta hapa kwenu, mnaosaidiana kuacha pombe.

Nyinyi mlinipokea na hamkuniuliza habari ya penalti. Asanteni sana kwa hilo, hamjui mlinipa nini. Kulikuwa na siku nilikuja nikinuka, mkanisogezea kiti tu. Mwezi wa nne tangu nije, chai haikumwagika. Siku hizi nimerudi kwenye masanduku, na Jumamosi nafundisha makipa wa timu ya wasichana. Mke wangu hajarudi, sitawadanganya. Lakini nikimpigia simu anapokea, na juzi alicheka.

Ombi langu kwenu ni moja. Mwenzetu akikosa kuonekana hapa, mtafuteni kwanza. Nendeni mpaka mtaroni. Msikae mkisubiri kumsomea jina.

Jumapili iliyopita mashindano yalirudi. Katibu, maskini, bado ananionea aibu, akasoma majina polepole akichungulia karatasi. Alipomaliza akainua macho, akauliza, "Na Sumaku?"

Mama akajibu kutoka kwenye kiti chake, uwanja mzima ukasikia: "Yuko! Na jezi za jana bado hajaanika!"