Hodi ya Jukwaani

Benchi la kijiwe hiki limeegemea ukuta wa duka la nyuzi, na mguu wake mmoja umeongezewa kipande cha soli. Hapo kila alasiri hukaa watu watatu ambao ukiwasikia wakibishana utadhani wanagawana urithi. Yupo Gundi, fundi viatu, aliyeutengeneza mguu huo. Yupo Wembe, kinyozi. Na yupo Breki, dereva wa lori aliyestaafu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake hauna. Dada wa kahawa huwamiminia huku akiwasikiliza kwa sikio moja. Wiki hii ubishi ni mmoja tu. Mjini wamekuja waigizaji wanaozunguka nchi nzima na kile kitabu ambacho kila mtu alikisoma shuleni, cha baba aliyemfukuza mwanawe. Kila mji wanaofika humchukua mwenyeji mmoja acheze yule baba mwishoni: akae kitini, asikie hodi, ajibu “karibu”. Hapa wamemchukua Gundi. Jana kwenye mazoezi mwana alipiga hodi mpaka akachoka, na neno halikutoka.

— Koo hilo, alisema Wembe. Kunywa maji ya moto yenye chumvi. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.

— Wahenga walikuwa wanasema habari za vitisho, si koo, alidakia Breki.

— Ya vitisho au ya koo, anywe tu.

— Tatizo si koo, alisema Breki. Tatizo hawa watu wameubadilisha mwisho. Kitabuni baba hakusema karibu. Alikufa wakati mwana bado yuko njiani.

— Kwani kitabu cha darasa lenu kilikuwa na kurasa za mwisho? aliuliza Wembe.

— Kilichanika kidogo.

— Kidogo! Chetu tulikisoma watu wanne dawati moja, na mwisho wake ulishafungiwa karanga. Mwalimu alituambia mama ndiye aliyefungua mlango.

— Mama alishakufa.

— Basi alifungua kabla hajafa.

Gundi alikoroga kahawa yake isiyo na sukari. Naye hakuufikia mwisho wa kitabu kile. Tangu utoto aliamini tu kwamba mlango haukufunguliwa, na aliona ni haki.

Aliona haki hata mwaka juzi, mwanawe alipoacha meza ya ufundi akafungua duka la kandambili za plastiki mwisho wa mtaa huuhuu. “Baba, siku hizi watu hawashoni, wanatupa,” kijana alimwambia mbele ya wateja. “Basi na mimi nitupe,” Gundi akajibu. “Usinipigie hodi tena.” Kijana, kwa kuwa ni mtoto wake kwelikweli, hakupiga. Na kijiweni ugomvi wa mmoja ni ugomvi wa benchi zima: hakuna aliyemtaja kijana, wala aliyekiri kukanyaga dukani kwake. Gundi aliwashukuru kwa hilo. Lakini lilimuuma, na maumivu hayo hakumwambia mtu.

— Mnajua shida iko wapi? alisema Wembe. Yule anayecheza mwana anagonga mlango kama askari. Nani anamkaribisha askari?

— Askari! Breki aliinua kidole. Hapo umegusa. Nchi nzima, kitabu kimoja, unadhani bure? Wanawapima akina baba. Nani anasema karibu, nani anakataa. Wakishajua, wanapanga.

— Wanapanga nini?

— Hicho ndicho hawataki tujue.

— Kwa hiyo serikali nzima inamwogopa Gundi, alisema dada wa kahawa.

— Mwamba ngoma ngozi huvuta kwake, alisema Breki, na hakuna aliyeelewa ngoma imeingiaje.

Wembe akamgeukia Gundi, safari hii kwa upole.

— Neno moja tu, bwana. Si unalisema kutwa kwa wateja?

— Wateja sijawafukuza mimi.

Ni hapo alipotokea mama mmoja wa lile kundi la waigizaji, koti mkononi, pini zimejaa kwenye ukosi wake.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Alimsimamisha Gundi, akamvika koti la baba, akalibana mabegani.

— Sisi tuna desturi, mzee. Mwenyeji anayecheza na sisi tunamwekea viti viwili vya mbele kwa watu wa nyumbani kwake. Vya kwako watakaa nani?

— Kimoja mke wangu.

— Na cha pili?

Lilikuwa swali jepesi. Wembe alitazama ndani ya kikombe. Breki, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alifunga breki. Gundi alisimama na koti la mtu mwingine mwilini, mikono hajui aiweke wapi.

— Duka la yule kijana hufungwa saa ngapi? aliuliza.

— Saa moja, alijibu Wembe.

— Siku hizi saa mbili, Breki akamsahihisha.

Kisha wote wawili wakaficha miguu chini ya benchi. Gundi hakushangaa; huwezi kumficha fundi viatu miguu. Kandambili zao za duka lile aliziona zamani, akajifanya hakuona.

— Si imara kama kazi yako, alisema Wembe.

— Siulizi hilo. Nauliza anaendeleaje.

— Amekonda, alisema Breki.

Gundi alimwomba yule mama asimpe mtu kiti cha pili, akaondoka na koti lenye pini. Mtaa ule ni mfupi, lakini siku hiyo aliuona mrefu. Akapita duka la nyuzi, akapita kinyozi, hadi kwenye mlango ambao hakuwahi kuusogelea. Kijana alikuwa amempa mgongo, anapanga maboksi.

— Hodi, alisema Gundi.

Kijana aligeuka. Aliliangalia lile koti, akamwangalia baba yake usoni. Mdomo wake ulifunguka, ukajifumba, ukafunguka tena bila sauti. Gundi aliijua hali ile. Jana ilikuwa yake.

— Usijali, alimwambia. Nitangoja.