Vernon Lindquist, Aliyekataa Kutikisa Kichwa

Marehemu Vernon Lindquist alizaliwa tarehe 9 Machi 1945 hapa El Cajon, California, kifungua mimba wa fundi bomba Mlutheri na mkewe. Walifuata Arlene, mama yangu, na kitindamimba Russell.

Alisoma shule za hapahapa, kisha chuo kwa muhula mmoja. Yeye na chuo walipoachana, hakuna upande uliolia. Elimu iliyomkaa aliipata kanisani, alikopiga kinanda wakati wa Ushirika Mtakatifu tangu ana miaka kumi na miwili: huachi mpaka mtu wa mwisho arudi kukaa na mchungaji akutikisie kichwa kwamba basi. Sheria hiyo aliihamishia kwenye bendi yake, Taa za Chumvi, iliyopigia gerejini kwao. Huko mwenye kutikisa kichwa alikuwa yeye.

Asubuhi ya tarehe 11 Juni 1968, basi la vijana walioitwa jeshini lilisubiri mbele ya posta, ng'ambo ya barabara kutoka gereji. Russell, mpiga besi, alikuwa mmoja wao. Aliomba wimbo mmoja wa kuagana, wa dakika tatu. Dakika tatu zikapita, kichwa cha Vernon kama cha sanamu. Dakika ya kumi na nne basi likapiga honi.

"Vern, tikisa hicho kichwa, bwana. Naachwa."

"Aliyechoka aache."

Russell alicheka akaendelea, maana hakuna aliyewahi kuacha kabla ya kaka. Wimbo uliisha dakika ya kumi na tisa. Basi lilikuwa limekwenda.

Vijana wa basi lile walipangiwa kambi za Ujerumani, wote wakarudi wamenenepa. Russell alichukuliwa kesho yake na kundi jingine, la Vietnam. Alirudi Februari, ndani ya sanduku.

Curtis Yoakum, mpiga ngoma, alikuwa ameacha kinasa sauti kikizunguka asubuhi ile. Utepe ule ukawa santuri, santuri ikashika dunia. Wahakiki waliandika kwamba honi ile ni kilio cha ulimwengu ukizaliwa. Mashabiki walivuta walivyovuta wakakubali. Marehemu aliupiga wimbo huo miaka arobaini, na kila dakika ya kumi na nne alitazama mlango.

Tarehe 4 Mei 1974 alimwoa Jolene Pruitt. Wageni walipoudai wimbo, bwana harusi alikutwa nyuma ya jiko, amekaa kati ya makreti ya bia. Alimwuliza bibi harusi kama watu wote bado wapo.

Mwaka 2016 alipata ugonjwa wa Parkinson, na kichwa kikawa kinatikisika mchana kutwa. Curtis alikuja kumwona.

"Leo ndiyo unatikisa, mzee? Umechelewa miaka hamsini."

"Najua," alisema Vernon. "Kila siku namwambia aende."

Kichwa kilitulia tarehe 14 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, mama yangu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane Jolene, binti Ingrid, dada Arlene na wapwa wawili. Aliagiza wimbo usipigwe hapa. Mlioko nje ya ua na magitaa, mmesikia.

Apumzike kwa amani. Mtu wa mwisho amekaa, mjomba. Acha sasa.